Dua ya Baba kwenye Safu ya Ushahidi

Jumatatu, 3 Februari

Jedwali la haki za jamii limekwisha. La usawa limekwisha. Limebaki la ushirikishaji wa wananchi, na hilo ndilo zito, kwa sababu bila hilo mengine yote huonekana tuliyafanya kwa siri.

Kila mwaka ni hivi. Katiba inadai, sisi tunajibu. Safu ya kwanza kifungu, ya pili kilichofanyika, ya tatu ushahidi, ya nne changamoto. Kila idara huniletea yake nami nazishona pamoja ziwe ripoti moja ya kupelekwa Nairobi. Watu hudhani kazi yangu ni kuandika. Kazi yangu ni kuomba picha. Bi Rukia, mkuu wetu, husema jambo lisilo na picha halikufanyika.

Leo nimeletewa picha ya usawa wa jinsia. Wanawake wanapakua pilau kwenye mkutano ambao viti vyote vya mbele vimekaliwa na wanaume. Nimeiweka hivyo hivyo. Pilau yenyewe ilikuwa na rangi nzuri.

Baba ana mwezi sasa tangu atutoke. Nikiwa hapa Matuga, kichwa ndani ya majedwali, nasahau kidogo. Kisha mwanamume fulani akohoa huko nje kwenye varanda na mkono wangu wasimama.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya kufukuzana na watu. Idara ya maji wana maelezo hawana picha. Idara ya elimu wana picha hawana maelezo. Kelvin, kijana wa mawasiliano aliyekuja kwetu kutoka Nakuru mwaka jana, ameniahidi picha zote za mikutano ya hadhara kufikia Jumatatu. Kijana mwema. Anajitahidi hata kusema shikamoo, ila humwamkia kila mtu, mpaka watoto wa shule.

Sina hamu ya kula. Nimekula ili nisiulizwe.

Ijumaa, 7 Februari

Nyumbani. Msambweni kulikuwa na mvua ya ghafla, kijijini hakuna hata tone.

Mama yuko eda bado. Hatoki, hajipambi, anakaa chumba cha ndani na tasbihi yake, na kila nikiingia ananiuliza nimekula. Mjane ndiye anayemuuliza mwengine kama amekula. Nilienda jikoni kulia huko, nikisingizia moshi.

Hamisi, kaka yangu, hakuingia ndani kuniamkia. Aliniita uani. Wamekuja watu na vigingi vyenye rangi nyekundu wamevipiga kwenye makaburi, upande wa mashariki. Barabara mpya ya kuteremkia pwani itapita hapo. Upande wa mashariki ndipo alipo shangazi, na ubavuni mwa shangazi ndipo tulipomlaza baba, kwa kuwa mwenyewe aliomba hivyo. Kigingi kimoja kiko karibu na miguu yake.

"Wasema tulikubali," Hamisi aliniambia. "Wasema tuliulizwa na tukakubali sote. Wewe wakaa na hao watu. Hebu tuulizie, ni nani aliyekubali?"

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia kuna utaratibu, kuna kifungu, haiwezi kupita barabara juu ya makaburi bila wenyewe kuridhia. Nilisema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayesoma tangazo. Nitaangalia Jumatatu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeiona.

Kelvin alileta picha zake asubuhi, zimepangwa vizuri, kila moja na maneno yake chini. Ya sita ni uwanja wa shule ya kwetu. Namjua kila mtu. Hamisi yuko safu ya mbele, amevaa kanzu ya baba inayompwaya mabegani. Kina mama wako nyuma na leso zao. Wote wameinua mikono. Maneno ya chini yanasema wananchi wanaunga mkono mradi wa barabara kwa kauli moja.

Viganja vimeelekea juu. Vimekutanishwa mbele ya kifua. Wengine wamefumba macho. Ile ni dua. Ile ni Fatiha ya baba yangu.

Siku ile naikumbuka. Mkutano ulikuwa umeshapangwa na mahema yameshaletwa, ikasadifu ni siku chache tu baada ya maziko. Baba ndiye aliyekuwa akitunza makaburi yale, jeneza la msikiti na majembe yake miaka na miaka, hakuna nyumba ambayo hakuichimbia. Kwa hiyo ustadh wetu alisema kikao hakitafungwa mpaka marehemu aombewe. Mimi nilikuwa chumbani na mama. Hatukuona kitu. Tulisikia tu "Amin" ikitoka uwanjani, nzito, tena na tena, na mama akawa anaitikia kutoka kitandani.

Nilimwita Kelvin. Nikamuuliza ilikuwaje. Akanieleza bila wasiwasi wowote.

"Chief alieleza hiyo mambo ya barabara, madam, akauliza kama kuna mtu ako na swali. Kukawa kimya kabisa. Halafu mzee mmoja akasimama akasema kitu kwa Kiarabu, wote wakainua mikono. Mimi nikajua hiyo ndiyo kura."

Kimya, naam. Nani wa kwetu atasimama kubishana na wageni na matanga hayajapoa? Ni utovu wa adabu. Maswali huwekwa, hungojewa siku nyingine. Walinyamaza kwa heshima ya baba, wakainua mikono kwa kumpenda baba, na vitu hivyo viwili vikijumlishwa kwenye jedwali jawabu lake ni ndiyo.

Nilipomwambia Kelvin aliiangalia picha ile upya. Alikaa chini. Kwao kanisani, alisema, mtu akiinua mikono amekubali. Aliniomba msamaha mara nyingi mpaka ikabidi mimi nimbembeleze. Siwezi kumchukia. Nimejaribu.

Jumanne, 11 Februari

Nimeenda kwa Bi Rukia na picha mkononi. Yeye ni mtu wa Vanga. Hakuna la kumfasiria.

Aliitazama. Akavua miwani. Akasema, "Allah amrehemu mzee wako." Kumbe amejua papo hapo, kwa kuitupia jicho tu. Nikafurahi. Nilidhani kujua ndiko kunakotakiwa.

Kisha akavaa miwani. Ripoti ya muhtasari, alisema, ilishatangulia Nairobi wiki iliyopita na mkutano ule umo ndani. Ukiondolewa huo, upande wetu huu wa kusini hauna mkutano mwengine wa kuonyesha. Tutaulizwa. Mwaka jana tuliulizwa.

"Bi Rukia, wewe wajua ile ni dua."

"Mimi najua, mwanangu. Karatasi haijui. Andika kwenye changamoto, nami nitaipitisha."

Nimeandika. Nimeandika wazi, kwa lugha isiyo na kona: picha ni ya dua ya marehemu, hapakuwa na kura, wakazi hawajaulizwa kuhusu makaburi, naomba mkutano urudiwe. Nimeweka jina langu. Nimetoka ofisini nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Ijumaa, 14 Februari

Ripoti imerudi ikiwa imepigwa mhuri. Safu ya changamoto, kwenye mstari wangu, imeandikwa: "Uelewa mdogo wa wananchi kuhusu taratibu za ushirikishaji."

Hayo ndiyo yaliyobaki ya maneno yangu. Picha iko palepale. Mwishoni mwa ukurasa huo, kwenye jina la mtayarishaji, nimo mimi kwa jina langu kamili, na jina la baba likifuata langu.

Sikwenda nyumbani wiki hii. Nimemwambia mama kuna kazi.

Jumamosi, 15 Februari

Mtu ameupiga picha ukurasa ule akautuma kwenye kundi la kijiji la simu. Sijui ni nani na haina haja.

Hamisi alipiga baada ya adhuhuri. Hakunisalimu. Nilisikia upepo, alikuwa huko makaburini nadhani.

"Nimeliona jina lako," akasema. "Nilikutuma uulize, kumbe wewe ndiye mwenye kuandika. Watu walimwombea baba, nawe ukaichukua dua yao ukawafanyia biashara. Usije huku."

Nikaanza kumweleza safu ya changamoto. Safu ya changamoto! Mtu amefiwa na baba, namweleza safu. Alikata simu nikiwa katikati ya sentensi, na ninamshukuru, kwa sababu sentensi yenyewe haikuwa na mwisho.

Jumatano, 19 Februari

Nimechukua ruhusa ya siku moja. Nimekwenda Kwale mjini kwenye ofisi inayosimamia ile barabara, na barua ya pingamizi iliyotiwa sahihi na ustadh na wazee wa msikiti. Ustadh aliniletea mwenyewe mpaka kituo cha Ukunda. Hakunilaumu, ila hakukaa tunywe chai.

Nilingoja sana. Yule bwana aliyenipokea alikuwa mpole. Aliisoma barua yote, jambo ambalo sikulitegemea. Akasema pingamizi huwasilishwa wakati wa kuwashirikisha wananchi, na wakati huo umepita. Nikasema hawakushirikishwa. Akasema yapo maandishi. Akainuka, akafungua kabati, akaniwekea mezani ripoti.

Ripoti yangu. Ile niliyoishona kwa mikono yangu, yenye jalada nililolichagua mwenyewe. Akaifungua ukurasa wa picha, akanionyesha Hamisi na kanzu ya baba.

"Hawa ni watu wenu?" akaniuliza.

"Ndio," nikasema.

Nimerudi kwa miguu mpaka stendi. Jua kali. Sina hasira tena, na hilo linanitisha. Hasira ilikuwa ikinishikilia.

Jumapili, 23 Februari

Habari zimefika kupitia kwa ustadh, Hamisi bado hanipigii. Barabara haitasogezwa. Familia zenye makaburi upande ule zimepewa nafasi ya kuwahamisha watu wao "kwa heshima", na ambao hawatahamishwa na jamaa zao watahamishwa na mkandarasi. Ustadh anasema kumfukua maiti si jambo la kufanywa ila kwa dharura, na trekta ni dharura. Bora wafukuliwe na watoto wao.

Mama hajui. Yuko eda, hapokei habari ila zile tunazompelekea, na hakuna mwenye moyo wa kumpelekea hii. Kila mmoja anamngoja mwenziwe.

Nimemkosa baba leo kwa namna ya kijinga. Nilitaka nimpigie simu nimuulize tufanye nini na kaburi lake.

Jumanne, 4 Machi

Siku za kwanza za mfungo. Kinywa kikavu, kichwa kinagonga. Ofisini nusu ya watu wanasinzia.

Bi Rukia ameniletea tende za futari, kaziweka kwenye meza yangu bila neno. Nilitaka kuzirudisha. Nimezitia kwenye mkoba. Haya mambo yangekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

Ustadh amenitumia ujumbe. Watafanya Alhamisi baada ya alfajiri. Hamisi ndiye atakayeingia kaburini. Anahitajika mtu wa kununua sanda mpya. Nimeinunua mimi, Ukunda, nikampa dereva wa pikipiki aipeleke. Hamisi hakuirudisha.

Alhamisi, 6 Machi

Wamemhamisha.

Nilikwenda kwa mama nikakaa naye, maana wanawake hatuendi. Alikuwa akisoma Yasini kwa moyo. Sijui kwa nini aliichagua leo. Hamisi alirudi jua likiwa limepanda. Aliteka maji, akaoga kisimani pale pale na nguo zake, akakaa uani kwenye jua mpaka akakauka. Hakutaka mama auone udongo.

Mama akaita kutoka ndani, "Hamisi, mbona waoga saa hizi na wewe umefunga?"

"Joto, mama," akasema.

Tulitazamana mimi naye kupitia mlangoni, mara ya kwanza tangu ile simu. Nilitaka kumuuliza alimkutaje. Sikumuuliza. Kuna mambo ambayo sasa kaka yangu anayajua kuhusu baba na atayajua peke yake, na mimi ndiye niliyemsababishia. Si kwa kutaka. Lakini jina lililo chini ya ukurasa ni langu.



Jumanne, 18 Machi

Mkutano wa bajeti, uwanja ule ule wa shule. Nilipangiwa kwenda na sikuomba udhuru. Kelvin alikuwa na kamera yake. Tulipofika watu walimpisha njia, mimi wakanisalimu kwa adabu. Adabu tu. Bibi mmoja aliyenilea na watoto wake aliniambia "Starehe, bibi", kama ninavyoambiwa benki.

Safari hii yaliulizwa maswali. Mengi, makali, mengine hayakuhusu bajeti kabisa. Vizuri.

Mwisho ustadh akasimama kufunga kwa dua. Akainua mikono. Peke yake.

Uwanja mzima umekaa mikono chini. Wanaume wameiweka magotini. Wanawake wameiingiza ndani ya leso. Hawakuwa wamepatana, naamini hivyo, nilimwona ustadh akishtuka. Wakaitikia "Amin", lakini kwa chini, midomo tu, macho yote yakimtazama Kelvin.

Kelvin hakuwa ameinua kamera. Alikuwa ameshaifungia mkobani mwanzo wa dua, kwa hiari yake, na alikuwa akitazama ardhi. Kwenye gari aliniambia, "Madam, sasa wananiogopa mimi?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia na mimi pia.

Watu wa kwetu hawaombi Mungu kwa mikono chini. Sijawahi kuona. Baba angeona angedhani wamefanya kosa, angewaamuru waanze upya.

Sijui mwaka ujao nitaandika nini kwenye safu ya pili. Kilichofanyika ni hicho.

Jumapili, 30 Machi

Huenda kesho ni Idi. Watu wanangojea mwezi.

Nilikuwa kwa mama tangu asubuhi, nikimsaidia futari. Muhogo wa nazi, na kaimati ambazo kila mwaka naziunguza na mwaka huu nimeziunguza. Baada ya alasiri akanifanyia ishara nifunge mlango wa jikoni nikae.

"Tumu, ile picha mloteta kwayo wewe na kakako, unayo?"

Nikadhani sikumsikia sawa. Nikamuuliza nani kamwambia.

"Nakaa ndani, si kaburini. Nayasikia yote. Hata babako alikohamishwa nakujua. Mlikuwa mwanificha, nikawaacha mnifiche, maana nyinyi mwahitaji kuwa na kazi."

Ripoti ilikuwa kwenye mkoba wangu. Natembea nayo, sijui kwa nini. Nikauchana ukurasa, nikachukua mkasi wake wa kushonea na kuyakata yale maneno ya chini. Mama hajui kusoma lakini sikutaka ayashike. Nikampa.

Alikwenda nayo dirishani. Aliitazama muda mrefu, kidole kikipita uso kwa uso. "Bakari huyu. Na miguu ile yake, kaja." "Huyu na yeye? Huyu tulinuniana tangu harusi ya mwanawe." Akacheka kidogo. "Mwangalie Hamisi na kanzu ile. Nilimwambia nitaipunguza."

"Siku ile nilisikia tu," akasema. "Sikuwaona. Sikujua ni wengi hivi."

Akaiweka picha juu ya mkeka, mbele yake, akainyoosha kwa kiganja. Akainua mikono, akaanza Fatiha kwa sauti ndogo. Nikainua na mimi.

Nyuma yetu Hamisi alikuwa anaingia na maji ya futari. Sikugeuka. Nilisikia hatua zikisimama mlangoni, halafu nikasikia ndoo zikiwekwa chini, ya kulia, kisha ya kushoto. Mama alipofika mwisho tuliitikia watatu.

Hapakuwa na mtu wa kutupiga picha.